Maji ya Ukurasa wa Kumi na Moja

POLIKARPI: Haloo, naongea na nani?

XAVERIA: Shikamoo mwalimu. Ni Xaveria, wa kupima maji.

POLIKARPI: Marahaba, binti. Mbona unakatika-katika? Uko wapi? Chuo kimepata daraja la dhahabu la mazingira, wenzako wote wako huku ukumbini.

XAVERIA: Nimeona. Ripoti ya tathmini ya mazingira imebandikwa nje ya maktaba. Nimesoma ukurasa wa kumi na moja.

POLIKARPI: Ah. Huo.

XAVERIA: Umeandika maji machafu ya jikoni na mabwenini hayatoki nje ya chuo. Chini kuna jina langu na saini yangu.

POLIKARPI: Saini si uliweka mwenyewe—

XAVERIA: Kwenye karatasi tupu, mwalimu. Uliniambia namba utazijaza kutoka kwenye daftari langu. Nikaweka, kwa sababu ni wewe.

POLIKARPI: Sikia. Mkuu wa chuo aliniita. Akasema vyuo vingine vinapanda, sisi tutabaki wa mwisho mpaka lini? Tukiwa na alama nzuri wafadhili watakuja, na lile shimo la maji machafu litajengwa—

XAVERIA: Nani atajenga shimo la tatizo ambalo halipo?

[mkwaruzo wa mtandao]

POLIKARPI: ...haloo? Nimekupoteza.

XAVERIA: Nipo. Tangu Februari nimeshuka bondeni Nyakasimbi, yanakoishia maji machafu ya chuo, kila Ijumaa na chupa ulizonipa. Akina mama wa kisimani waliniuliza napima nini. Nikawaambia chuo kinataka kujua ukweli ili kirekebishe. Wakaniamini, wakawa wananishikia chupa.

POLIKARPI: Na daftari, unalo?

XAVERIA: Hilo ndilo unaloniuliza?

POLIKARPI: Nauliza tu. Wakaguzi wanakuja Jumatatu kuhakiki. Wakikuuliza, sema vipimo vya kwanza ulikosea, ulikuwa bado unajifunza. Mimi nitakulinda.

XAVERIA: Wewe ndiye uliyenifundisha kupima. Mara tatu tatu, ili nisikosee.

POLIKARPI: Xaveria, bado mwaka mmoja umalize. Mfikirie na mama yako kule Isingiro.

XAVERIA: Nimemfikiria. Nimempigia kabla yako. Kurasa zote za daftari nimezipiga picha, nimewatumia wakaguzi asubuhi hii.

POLIKARPI: Umefanya nini?

XAVERIA: Sasa hivi niko kisimani. Nimewaomba wasichote tena mpaka maji yapimwe upya. Hawanielewi, wanasema chuo kimetangaza ni safi. Yupo Mama Restuta hapa, mjukuu wake anaharisha wiki ya pili. Mwambie wewe, mwalimu. Wewe atakusikiliza.

POLIKARPI: Subiri, usimpe si—

XAVERIA: Mama, shika. Ni mwalimu wangu.

MAMA RESTUTA: Haloo, mwalimu? Habari za huko, baba? Haloo? ...Xaveria, mbona hasemi?

XAVERIA: Amekata, mama. Shusha hiyo ndoo.