Kazi Niliyoifanya kwa Jina la Marehemu Kaka Yangu

Ndugu zangu katika Bwana, msiniletee kiti. Haya nataka kuyasema nikiwa nimesimama, mguu ukitaka usitake.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru nilikuwa kuli bandarini Kilindini, na kadi yangu halali. Alfajiri nabeba magunia, adhuhuri naachiliwa. Sheria tuliijua sote: mwenye kadi ya bandari haandikwi kazi pengine. Lakini mimi nilitaka nyumba ya bati hapa Kisauni, tena niliitaka upesi. Kwenye timbo la mawe, njia ya Mwakirunge, walikuwa wakitafuta watu wa mchana.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kaka yangu alifariki kwa homa hapa mjini, tukamzika kabla mama hajafika kutoka kwetu Kaloleni. Kipande chake cha kazi kilibaki sandukuni mwangu. Mwenyewe hakihitaji tena, nikajiambia. Nikaandikwa timboni kwa jina lake. Mke wangu sikumwambia. Nilijiosha vumbi kisimani ndipo nirudi nyumbani, nikidai meli ilichelewa kupakuliwa.

Miezi saba nikaishi hivyo. Nawaambia, uchovu ule haukuwa wa kulala ukaisha. Nilisinzia nimebeba gunia.

Siku moja mchana, msimamizi wa timbo aliona ukuta wa mawe umepasuka juu yangu. Akaita jina la kaka yangu, akaliita tena. Nililisikia vizuri kabisa. Kwa uchovu nikasahau kuwa pale timboni mwenye jina hilo ni mimi. Nikabaki pale pale, nikishangaa nani anamwita marehemu. Jiwe likaniangukia mguuni.

Hospitali wakaniandika jina lile lile. Nikanyamaza, maana nikisema kweli kazi zote mbili zimekwenda. Alipoona sikurudi, mke wangu alikuja kuniulizia mlangoni kwa jina langu, akaambiwa hayupo. Na karani wa timbo, mtu mwema, akapeleka habari kwa chifu wa kwetu kama kipande kilivyoonyesha, naye chifu akamwambia mama, akitaja jina la kaka: mwanao fulani ameumia, bado yu hai.

Siku ya tatu mama aliingia wodini. Alikuwa amevaa leso mpya. Akapita kitanda kwa kitanda akiwatazama watu usoni, mpaka akanifikia.

"Na wewe pia umeumia?" akaniuliza. "Kakako yuko kitanda gani?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nakuona, mwanangu. Nauliza kakako. Mimi sikumwona akizikwa. Njia nzima nimekuwa nikisema, labda walikosea."

Nikamweleza, neno kwa neno, huku nikitamani lile jiwe lingenipata kichwani. Hakunipigia kelele. Alikaa sakafuni, akajitanda ile leso kichwani, akaanza kumlilia mwanawe upya. Mama yangu alifiwa na mtoto mmoja mara mbili, na mara ya pili aliyemuua ni mimi.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Nilimwita muuguzi, nikataja jina langu. Nilipopewa magongo nilikwenda bandarini nikasema, nikaenda timboni nikasema. Bandarini walinifuta. Timboni msimamizi alinitukana mpaka akachoka, kisha akaniambia nikipona nirudi nichonge mawe nimeketi, kwa jina langu mwenyewe. Ndiyo kazi yangu mpaka leo. Nyumba yangu ni ya makuti bado, na nalala usingizi.

Nawashukuru, ndugu. Mlimsindikiza mke wangu hospitalini, mkamlimia shamba, na hamkumuuliza maswali. Nakushukuru wewe mama watoto, uliyenikasirikia wazi wazi kisha ukanipikia.

Najua humu ndani kuna mwenye kazi ya pili asiyoweza kuitaja nyumbani kwake. Simtazami mtu. Usidhani bosi ndiye atakayeumia ikijulikana. Nenda leo, kaseme ukiwa na miguu yako miwili.

Mama naye yupo, amekaa kule nyuma. Sijamwomba aseme amenisamehe. Kila Jumamosi nampeleka makaburini, tunapalilia pamoja, na yeye ndiye anayeamua lini turudi nyumbani.