Soksi Zilizopigwa Pasi

Basi lilipopita Juja, Mugo alikuwa bado ameinamia simu, lakini masikio aliyaacha kiti cha nyuma, ambako wanawake wawili asiowajua, waliokutana tu steji ya Thika, waliongea kama waliolelewa nyumba moja.

"Ni hapa chini ya kitovu," yule mdogo alinong'ona. "Nikilala na bwanangu nasikia kama nadungwa kisu. Na siwezi kumwambia. Atasema nimepata mwingine."

"Wee! Hiyo si ya kunyamazia, mami," mkubwa akamjibu. "Mimi wamama wa kanisa waliniambia nivumilie, ati ndoa ni hivyo. Kumbe nilikuwa na uvimbe kwa ovari. Wewe pia enda upimwe, inaweza kuwa hata infeksheni. Sasa usiku unafanyaje?"

"Napiga pasi. Mashuka, vitambaa vya viti, hata soksi, mpaka nisikie anakoroma. Na vile hujigamba kwa watu ati bibi yake ni msafi!"

Mugo akaizima simu. Asubuhi hiyo hiyo, kiwandani anakofanya kazi, alikuwa amewaonyesha wenzake mstari wa pasi kwenye suruali yake, akawaringia kwamba mkewe hupiga pasi kila usiku, hata soksi.

"Mwambie tu," mkubwa alisisitiza.

"Na asiponiamini?"

Basi likasimama Ruiru kabla hajajibiwa. Wanawake wakashuka, kila mmoja akashika njia yake. Mugo akabaki kitini, akitazama miguu yake.

Soksi, jamani. Nani hupiga soksi pasi?