Konde Alilolipindua Marehemu Ilarie Cosma

Padri wetu, jamaa wa Poiana Ursei, na nyinyi mliopanda mlima huu na viatu vya mjini, mimi ni Mina, binti wa kwanza wa marehemu, na nasoma haya kwa sababu mdogo wangu Sabin amenisukumia karatasi, kama alivyonisukumia mengine mengi, na kwa sababu baba alitaka yasomwe na mtu asiyelainisha maneno. Nimechoka, mtanivumilia.

Marehemu Ilarie Cosma alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa hili, mtoto wa kwanza wa Todor na Paraschiva Cosma, akafuatiwa mwaka 1946 na Teofil, baba yangu mdogo, ambaye namwona pale karibu na mlango, kofia magotini. Alianza shule hapa kijijini mwaka 1948, akaenda Cluj kusomea kilimo, akahitimu Juni 1964, akarudi kuwa bwana shamba wa mabonde haya hadi alipostaafu mwaka 2001, na wengi mnamkumbuka kwa baiskeli yake na kwa kuwakatiza watu maneno.

Sasa nafika mahali alipokataza nisiparuke.

Babu Todor alipofariki mwaka 1967 aliwaachia wanawe konde la majani lisilogawanywa, ambalo halikuwahi kuguswa na plau, na ambalo walilikata pamoja kila kiangazi, wakingoja kwanza mmea tunaouita njuga uanze kulia, yaani mbegu zake zikauke na kuchezacheza ndani ya maganda. Baba alikuwa amesoma vitabuni kwamba njuga ni gugu linalonyonya mizizi ya nyasi, basi masika ya 1968, Teofil akiwa jeshini, akaleta trekta bila kumuuliza mtu, akapindua nusu yote ya chini, akamwaga mbolea ya chumvichumvi na kupanda viazi, na nusu ya juu ilipona kwa sababu tu trekta ilishindwa na mwinuko. Kijiji kizima kilimsifu.

Teofil aliporudi mwaka 1969, akaona bibi Paraschiva hana tena mahali pa karibu pa kuchuma maua ya shada la siku ya Mtakatifu Yohana, alisimama uani kwetu akasema, "Kaka, maua ya mama umeyapeleka wapi?" Baba akamjibu mbele ya watu, "We Teofil, konde ni la kulisha ng'ombe, na huyo ng'ombe wako anaolewa lini hata atake shada?" Watu walicheka sana. Teofil hakucheka, alichukua nusu ya juu, akaweka uzio, na hakukanyaga kwetu mpaka juzi, alipokuja kusaidia kubeba jeneza.

Viazi vilijaa miaka miwili, wa nne vikawa vya kumwagia nguruwe, udongo ukakaza kama sakafu na mvua ikapita juu yake, akapanda nyasi za dukani, zikaota ndefu, za rangi moja, zisizo na harufu. Tarehe 3 Oktoba 1970 alimwoa mama yetu, Saveta Hosu, aliyetutoka mwaka 2009, wakajaliwa mimi mwaka 1972 na Sabin mwaka 1976, dereva wa lori huko Torino.

Alipostaafu alinunua hadubini, akaanza kuiba udongo wa ile nusu ya juu kwa kijiko, ndiyo, baba mdogo, alikuibia, akaulinganisha na wake. Kwako alikuta nyuzi nyembamba za kuvu zikishika udongo na kuilisha mizizi, nayo mizizi ikizilisha, kwake plau ilikuwa imezikatakata, na mbolea ikamaliza kazi, kwa kuwa mmea unaolishwa kutoka mfuko wa mbolea hauna haja ya kulisha kuvu. Kwako alihesabu aina hamsini na moja za mimea, kwake kumi na moja, na lile gugu lake, njuga, ndilo lililokuwa likizipunguzia nguvu nyasi ili maua madogo yapate jua. Dawa aliijua, majani mabichi yenye mbegu na vikapu kadhaa vya udongo kutoka juu, vitandazwe chini, lakini ilibidi amwombe mdogo wake, na miaka ishirini na miwili ikapita hajavuka uzio kumwomba.

Novemba 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, nikamuuguza miezi kumi na tisa, kuna siku nilimchukia na nilimpenda siku zote, akafariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi. Jumanne ya wiki hiyo aliniambia, "Mwambie Teofil nilikosea. Na usiweke 'labda', Mina. Ukiweka 'labda' nitafufuka."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Cluj, majirani waliokamua ng'ombe wetu bila kuombwa, na mabwana shamba wenzake waliofika leo.

Kwa desturi, nikimwombea marehemu msamaha nyote mnajibu kwa sauti moja, "Mungu amsamehe." Leo naomba mnyamaze kidogo. Baba mdogo Teofil, alikosea, alilipindua konde lenu bila kukuuliza na akakucheka, anakuomba msamaha na mkokoteni mmoja wa majani, njuga zikianza kulia. Ukikaa kimya sitakulaumu, sina tena nguvu za kumlaumu mtu. Lakini nangoja sauti yako kwanza, ndipo nimwambie baba apumzike.