Mizani ya Mzee Mkaa

Benchi letu liko mkabala na geti la hospitali, pembeni ya birika la Mama Kahawa. Kila asubuhi tunalikalia watu walewale: Fundi Redio, kinyozi tunayemwita Profesa kwa sababu hakuna asilolijua, Mzee Mkaa na mimi. Leo Mzee Mkaa kafika macho mekundu, na safari hii si vumbi la mkaa. Mjukuu wake kalazwa, homa kali, na jana nusura apewe dozi isiyo yake.

MZEE MKAA: Kompyuta ya chumba cha dawa ndiyo imetuokoa, ndugu zangu. Dada mfamasia anataka kuchanganya dawa ya dripu, kompyuta ikagoma. Haitoi lebo ng'o! Inasema uzito wa mtoto una walakini, apimwe upya.

FUNDI REDIO: Imejuaje, na haijamwona mtoto?

PROFESA: Zile zinanusa. Uongo una harufu yake.

MIMI: Kunywa kahawa, kinyozi.

PROFESA: Basi kila mizani ya nchi hii inapeleka umbea pale.

FUNDI REDIO: Nimefungua redio maisha yangu yote, sijakuta umbea ndani. Kuna mtu kakaa mahali, anawaangalia wagonjwa wote.

PROFESA: Wote? Yeye halali usingizi?

FUNDI REDIO: Wanapokezana zamu!

MIMI: Mzee, huo uzito wenye walakini aliutaja nani?

Mzee Mkaa akakikodolea macho kikombe chake.

MZEE MKAA: Mizani ya wodini imeharibika. Nesi akauliza, nani anajua uzito wa mtoto? Nikadakia: mimi, nilimpima mwenyewe dukani.

FUNDI REDIO: Kwenye mizani yako ya mkaa?

MZEE MKAA: Hiyohiyo.

Tukatazamana. Mizani ile tunaijua. Gunia likipanda pale linanenepa. Miaka yote hii nimekuwa nikinunua hewa kwa huyu mzee, na nilikuwa na maneno mawili matatu ya kumpa. Ila nilimkumbuka mjukuu aliyelazwa, nikayameza.

MZEE MKAA: Angepewa dawa ya mtoto mnene, na alivyokonda vile. Mama yake hajui kama ni mimi.

Mara akavuka barabara dada mfamasia mwenyewe, kaja kujaziwa chupa yake ya kahawa. Mzee Mkaa akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

MZEE MKAA: Mwanangu, ile kompyuta niishukuru vipi?

MFAMASIA: Ililinganisha tu na uzito wake wa kliniki, mzee, ikanisimamisha. Tukaazima mizani nyingine, nikatengeneza dawa upya. Kwani mtoto kaamkaje leo?

Profesa akatazama viatu vyake. Asubuhi nzima tunabishana juu ya kompyuta, hakuna aliyeuliza. Na Mzee Mkaa mwenyewe alikuwa hajaingia wodini tangu kupambazuke. Alimwogopa binti yake, mama wa mtoto.

Akaacha kahawa ikifuka moshi, akavuka barabara nusura akimbie. Tulibaki tumelikodolea macho geti. Alipotokea tena alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

MZEE MKAA: Homa imeshuka! Anadai chakula! Na mama yake nimemwambia yote.

Tukamshukuru Mungu, na dada mfamasia tukamshukuru mpaka akaona haya.

MZEE MKAA: Fundi!

FUNDI REDIO: Naam, mzee.

MZEE MKAA: Beba vyombo vyako. Leo hii unanirekebishia ile mizani.