Namba Kumi na Saba Amerudi Kijiweni

Mgeni rasmi, dada yetu na bingwa wetu Tusajigwe, mheshimiwa diwani, afisa mtendaji wa kata, mchungaji, mama yetu Esnath, uliyekaa mstari wa pili wakati kiti chako tulikiweka mstari wa kwanza, wazee wa mitaa yetu hapa Tukuyu, Bagamoyo, Msasani na Bulyaga, abiria wetu, na wewe mama wa nyanya uliyeacha meza yako bila mtu ili usipitwe na neno: ndaga fijo, asanteni sana, kwa kuja. Itifaki tumejitahidi. Kama kuna tuliyemruka, atuambie wakati wa soda, tutamtaja mara mbili.

KARIBU NYUMBANI

Mgeni rasmi, sisi waendesha bodaboda wa Kijiwe cha Bagamoyo tumefurahi mno kukuona umesimama mbele yetu kwa miguu yako yote miwili. Jambo hilo la miguu tutalirudia hapo mbele, maana lina hesabu yake nasi.

Leo unatuzindulia banda la kusubiria abiria. Mwenyewe unakumbuka tulivyokuwa tukikaa chini ya kibaraza cha duka la vyerehani, mvua ya Tukuyu ikituchapa kuanzia Novemba mpaka Mei, na mwenye duka akitufukuza kila akipata mteja. Sasa tuna bati na mabenchi manne. Mwenyekiti wetu, Godwin, alitaka utepe wa kukata uwe wa satini. Umepatikana wa kanga. Tunaomba radhi, ila mkasi ni mpya.

ULIKOTOKA, KWA KADIRI TUNAVYOKUJUA

Kwenye magazeti wanaandika kwamba ulianza mbio za pikipiki Mbeya. Waandishi hao hawakutuuliza. Ulianza hapa, miaka tisa iliyopita, siku ulipofika kijiweni na pikipiki ya kukodi, ukasalimia kila mtu kwa zamu kama uko msibani, kisha ukauliza foleni inaishia wapi. Wengine tulicheka. Godwin hakucheka, alikuandika. Ukapewa namba kumi na saba na fulana ya reflekta yenye namba hiyo, iliyomzidi mtu mzima.

Abiria wa kiume walikukwepa wiki tatu. Walisema hawawezi kumshika mwanamke kiuno mbele ya watu, kana kwamba kuna aliyewaambia washike. Basi ukaenda kubeba ndizi. Ulizitoa mashambani Lutengano ukazileta sokoni, mikungu minne kwa safari, na kwa kuwa mikungu ilijaa siti yote, wewe uliendesha umesimama. Kilomita zote hizo, kwenye tope lile jekundu linaloteleza kama mlenda, umesimama, magoti umeyakunja kidogo, pikipiki inacheza chini yako na kiwiliwili chako kimetulia.

Sisi tulidhani ni shida. Fundi Venance wa Mbeya, aliyekuwa amekwama na lori lake njiani siku ile ya mvua kubwa, ndiye aliyeona ni kipaji. Ulimpita pembeni na mikungu yako minne. Anasema aliacha koleo kwenye tope akabaki anaangalia. Vijana wa mbio aliokuwa akiwatengenezea pikipiki walikuwa wanalipia mafunzo ili wajue kusimama namna ile.

MBIO YA KWANZA, AMBAYO HUPENDI TUISIMULIE

Tunaomba ruhusa tuisimulie. Mheshimiwa diwani hajaisikia.

Siku ya mbio yako ya kwanza, pale nje kidogo ya Mbeya, kijiwe kilifungwa. Tulikwenda pikipiki kumi na moja, watu ishirini na wawili, na sufuria ya makande. Mbio zilipoanza ukawaacha wote. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, uko mbele, umesimama vilevile kama wa ndizi. Mzunguko wa nne ukafika juu ya mteremko mrefu, na pikipiki yako ikanyamaza.

Uwanja mzima ulishika vichwa, wakasema imekufa. Sisi tulikuwa tunapiga makofi. Maana sisi wote hapa, mgeni rasmi, tukifika mteremko wa kwenda Masoko tunazima injini, tunaweka frii, tunaserereka mpaka chini ili kuokoa petroli. Mkono wako ulizima wenyewe. Ukaserereka kwa raha zako, na pikipiki sita zikakupita zikinguruma. Ulipofika chini ukapiga kiki, ikagoma. Ukapiga tena, ikagoma.

Venance alikuja mbio, jasho linamtoka, akakuuliza umezima kwa nini. Ukamwangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Si mteremko?"

Ulimaliza wa pili kutoka mwisho. Tuliimba njia nzima kurudi Tukuyu.

MAFANIKIO

Baada ya hapo ukaacha kuzima, na kazi ikaanza kuonekana. Uliondoka kijiweni ukaenda kukaa kwa fundi Venance na mkewe mwaka mzima. Ukawa wa tatu Morogoro. Ukawa wa pili Lusaka. Timu moja ya Nairobi ikakuchukua kwa mshahara, na hapo ndipo tulipojua kwamba kuna watu duniani wanalipwa kukimbiza pikipiki isiyo na abiria. Umekuwa bingwa wa wanawake misimu miwili. Tulikuangalia kwenye simu ya Godwin, watu kumi na tano kwenye kioo kimoja, anayepumua sana anasogezwa nyuma.

Na kila mbio, mbele ya pikipiki yako, tuliona namba kumi na saba. Mara ya kwanza tulipoiona, mwenzetu Obed aliinuka akaenda kununua maji ambayo hakuyahitaji.

Sababu tunaijua sote, na leo tunaitamka. Ulipoondoka, namba yako hatukuitunza hata wiki. Tulisema huyo atarudi na aibu yake apange foleni upya. Namba kumi na saba tukampa Obed, reflekta ikawa ya Obed. Wewe ukaenda ukaiandika kwenye pikipiki ya mbio, ukaizungusha Afrika Mashariki yote, wala hukutusema vibaya kwa mwandishi hata mmoja. Obed kwa upande wake amefaidi. Kiwira wamewahi kumpa chai ya bure wakidhani ana undugu nawe, na hakukanusha.

CHANGAMOTO

Risala nyingi zikifika hapa zinalalamikia barabara. Barabara ni mbovu, diwani anajua, tuendelee.

Changamoto yetu ni midomo.

Mwaka jana mwezi wa kumi, ulipoanguka kule Uganda, Venance alipiga simu kwa Godwin saa nne asubuhi. Maneno yake yalikuwa haya: Tusajigwe kaanguka, mguu mmoja umevunjika, yuko hospitali, anaongea. Godwin akayasema kijiweni kama yalivyo. Obed alikuwa anapeleka abiria Msasani, akayabeba. Huko Msasani miguu ikawa miwili. Yalipofika sokoni ukawa hujitambui. Mimi Marita, katibu ninayewasomea, nilifunga kibanda changu cha chai nikakimbilia Bulyaga ili nimfikie mama yako na habari ya kweli. Nilikuta mabenchi ya kanisa yanashushwa uani. Mama Esnath alikuwa amekaa chini, kina mama wamemzunguka, ameshafungwa kitambaa cha msiba kiunoni.

Nilimwambia kwamba unaongea. Hakuniamini. Alikulilia mpaka saa kumi jioni, wewe uko hai, unakula uji wa hospitali. Ulipopata simu ukampigia, ukasikia sauti za watu nyuma, ukamuuliza nyumbani kuna sherehe gani.

Tulicheka siku ile, sote, kwa nafuu. Mama yako hakucheka.

Sasa mguu umepona. Timu imekuletea mkataba mpya wa misimu miwili, na jibu linatakiwa Ijumaa hii. Mkataba wenyewe uko kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni. Tusiulizwe tumejuaje. Mama yako amesema hausainiwi yeye akiwa hai, nawe umesema husaini kwa kumficha mama. Wiki tatu sasa mnakula meza moja mnazungumzia hali ya hewa. Na mjini tunasikia umeanza kuulizia chumba cha duka, uuze vipuri. Dada yetu, tungekuja kununua vipuri kwako, na kila tukinunua tungeona haya.

Maana tulikaa kikao tukaliangalia jambo hili pande zote. Mama Esnath ana mtoto aliyevunjika mguu, kama wazazi wengine wengi. Lakini sisi tulimpa maiti. Hofu aliyonayo hakuipata Uganda, aliipata kwenye kijiwe cha Bagamoyo, na tulimpelekea wenyewe kwa pikipiki.

Kwa hiyo tumeongeza kanuni. Habari yoyote ya Tusajigwe, njema au mbaya, itapelekwa Bulyaga na katibu peke yake, na katibu hatoki kibandani mpaka asikie sauti yako au ya Venance kwa sikio lake. Mwanachama atakayeitangulia habari hiyo atakosa zamu wiki nzima. Kanuni imeshafanyiwa majaribio. Obed alikosa wiki ya kwanza ya mwezi huu kwa kumwambia mtu wa saluni kwamba umechumbiwa.

Wala hatukuishia kwenye kanuni. Tulikwenda kwa mama yako mara tatu. Mara ya kwanza alitupa chai, akatusindikiza. Mara ya pili alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni kweli huwa unaendesha umesimama. Mara ya tatu ilikuwa jana.

MAOMBI

Mgeni rasmi, usishike pochi. Tunajua wageni rasmi wakisikia neno hili mikono inakwenda huko yenyewe. Maombi yetu ni matatu.

La kwanza, uipokee namba yako. Obed, simama, uivue. Imefuliwa, mgeni rasmi, ila doa la mchuzi hapo mgongoni limekataa, nalo ni la kwake. Obed kuanzia leo ni namba thelathini na nne. Namba kumi na saba haitapewa mtu mwingine, uwe hapa, uwe Nairobi, uwe popote. Siku ukirudi kwa likizo ukataka kupakia, foleni itakufungulia nafasi katikati ya kumi na sita na kumi na nane, na anayebisha atabishana na Godwin.

La pili, kila ukija nyumbani utufundishe Jumamosi moja pale kwenye shimo la zamani la kifusi. Tufundishe kukata kona kwenye tope, na utufundishe kuanguka. Tunaanguka sana sisi, na hakuna anayetuonyesha namna. Mwezi wa nne peke yake tulikuwa na wenzetu wanne wodini.

La tatu si letu. Jana, baada ya chai, mama Esnath alitupa maneno, akasema yasomwe mwisho, mbele yako na mbele ya watu, ili asibadilishe, nawe usibadilishe. Nimeyaandika kama alivyoyasema, naye yuko hapa atanisahihisha:

"Mwambieni nilikataa kwa sababu nilimlilia mtoto mzima, na machozi yale hayajanitoka mwilini. Lakini nimefikiri. Mimi sijawahi kumwona mwanangu anaendesha. Miaka tisa nilikataa kupanda. Nimemjua kwa kuanguka tu, na hata huko kuanguka nilisimuliwa na waongo. Basi anipakie. Anipeleke Masoko, anirudishe, nione kwa macho yangu hicho wanachomlipia. Nikishuka moyo wangu umetulia, Ijumaa nitamtolea ile karatasi mwenyewe chini ya sahani, na kalamu nitampa mimi. Nikishuka haujatulia, tutazungumza vizuri, kama mama na mtoto, si habari za mvua. Na kwenye ule mteremko asizime injini."

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hatuna la kuongeza juu ya hayo. Pikipiki iko nje ya banda, Venance ameikagua tangu asubuhi breki na mnyororo. Helmeti ya mama ni mpya, tumeijaribu juu ya kilemba, inaingia. Tanki tumejaza mpaka shingoni, kwa hiyo hata kisingizio cha petroli huna. Utepe unaweza kusubiri, wali bado haujaiva, na sisi wote tutakaa kwenye mabenchi haya mapya bila kusema neno kwa mtu yeyote mpaka mtakaporudi.

Mwenyezi Mungu akutangulie kwenye kona, amshike mama hapo nyuma, na awarudishe wote wawili mkiwa mnazungumza.

Zamu ni ya namba kumi na saba.

Ni sisi wenzako,
Umoja wa Waendesha Bodaboda, Kijiwe cha Bagamoyo, Tukuyu
Imesomwa na Marita, katibu