Karani Aliyekuja Kutazama Mafundi wa Kasongo

Mwaka ule wa 1955, kijiwe cha Amisa kilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, nyuma ya soko la Kasongo, na birika la kahawa pembeni. Watatu hawakukosa pale. Alimasi alitengeneza kinga, yaani baiskeli za watu, akajiita Injenieri. Dominique alisoma miaka minne kwa Mapadri, wakamwita Diplome, ingawa karatasi yake ilisifu tabia njema tu. Wa tatu alikuwa Mwalimu Atumani, wa chuo cha Kurani. Kwa kawaida Amisa aliwaacha wapayuke. Wiki ile alitega masikio. Kampuni ya pamba ilitaka kujenga garaji kubwa, ama Kasongo ama Kabambare, pale penye mafundi wengi zaidi, na karani wake angepita kutazama. Ramazani, mume wa Amisa, alikuwa Kalima mwaka wa pili, akitengeneza mashine za mgodi. Garaji ikijengwa Kasongo, angerudi nyumbani.

— Tuweke kibao njiani, alisema Dominique. Maandishi makubwa: KASONGO, MUJI WA WATU WENYE AKILI.

— Na watu wa Kabambare wakiandika vile vile? aliuliza Alimasi.

— Wataandika na makosa.

— Kibao haitoshi. Muzungu wa kampuni anataka kuona kazi. Mimi nilitengeneza kinga ya posta, mpaka leo inapanda mulima yenyewe.

— Yenyewe, bila mutu?

— Mutu iko juu yake. Lakini analala.

Mwalimu Atumani aliweka kikombe chini.

— Nyinyi munacheza. Kule Leopoldville wamefungua université mwaka jana, muji muzima unajivuna. Mimi niko na wanafunzi makumi ine, tangu siku za baba yangu. Ile yangu inaitwa nini?

— Inaitwa chuo, Mwalimu, alijibu Dominique.

— Na université, kwa Kiswahili?

Dominique alikuna kichwa.

— Tuseme… chuo kikubwa.

— Basi tofauti ni ukubwa tu. Nitaongeza mikeka miwili.

Wakakubaliana hapo hapo kwamba Kasongo ina université. Dominique akaona bado haijatosha. Alijua miwani mitatu mjini. Ivaliwe na watu watatu, waketi mbele ya soko wakitazama karatasi; karani akishapita, wazunguke mbio nyuma ya nyumba, awakute tena mbele wakiwa wasomi wengine.

— Na mimi nifanye nini? aliuliza Amisa.

— Wewe, Mama Amisa, utapima kahawa na rula.

Amisa hakucheka. Alijua fundi mmoja tu wa kweli, na huyo alikuwa mbali.

Kesho yake asubuhi lori la kampuni liliingia, likakohoa mara tatu mbele ya kijiwe, likazimika. Akashuka kijana mwenye daftari kwapani. Alikuwa Marcellin, karani mwenyewe. Dereva wake alifungua boneti, akaifunga tena, akaenda kukaa kivulini.

— Jambo, baba zangu, alisema Marcellin. Kumbe kamio imekufa mahali pazuri! Wanasema hapa muko na mafundi.

Wote wakamtazama Alimasi. Alimasi akaingiza kichwa ndani ya moteri, akakaa humo nusu saa. Alitoka na mafuta mpaka masikioni.

— Ugonjwa wake nimeujua.

— Ni nini?

— Inakataa kutembea.

Dominique alisoma jina la lori kwa sauti, kwa Kifaransa safi, mara mbili. Mwalimu Atumani alirudi nyuma hatua moja.

— Dua nimeisoma, alisema. Sasa inabaki fundi.

Marcellin akaenda posta, akapiga simu ya maandishi Kalima kuazima fundi wa mgodi. Siku sita alikaa kijiweni akingoja, na daftarini akaandika mstari mmoja tu. Dominique aliusoma kwa kuchungulia begani kwake: "Kahawa nzuri."

Amisa aliosha kikombe kile kile mara mbili. Garaji imekwenda Kabambare, aliwaza, na mume wangu atazeekea Kalima.

Siku ya saba lori jingine la pamba lilimshusha mtu mwenye valizi ndogo ya nguo na sanduku la vyuma vya kazi. Amisa alikuwa akimimina. Kahawa ilijaa kikombe, ikapita kikombe, ikamwagikia vidole vya Dominique, naye akapiga kelele hadi soko zima likageuka.

— Mama Amisa, alisema Ramazani akitabasamu. Walipotaja Kasongo, nilinyosha mukono mbele ya wote.

Akaweka valizi kando ya birika, akavua koti, akainamia moteri ya lori la karani. Muda wa kunywa vikombe viwili, lori likanguruma. Marcellin alimshika mkono kwa furaha.

— Fundi, wewe ni mutu wa wapi?

— Wa hapa. Nyumba yangu ile.

Kijiwe kikalipuka.

— Umeona? alipiga kelele Alimasi. Tulikuambia!

— Mutoto wa Kasongo! alisema Dominique. Andika, karani, andika!

— Alisoma kwangu, alisema Mwalimu Atumani. Kwenye université.

Marcellin alifungua daftari, akalowesha kalamu kwa ulimi, kisha akasita. Aliwatazama mmoja mmoja, bila dharau, kama mtu anayetaka kweli kujua.

— Vizuri. Lakini patroni, mukubwa wangu, ataniuliza: kama fundi ni wa hapa, sababu gani nilimutoa Kalima?

Alimasi alimtazama Dominique. Dominique akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama ndani ya kikombe chake, kilichokuwa kitupu. Karani aliendelea kungoja, kalamu hewani.

Amisa hakungoja. Aliinua valizi ya mume wake, akaiingiza ndani ya nyumba, akafunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo akautia kifuani.