Dakika Kumi na Mbili za Kapya

Kamalondo, mtaa wetu hapa Katanga, ina mabenchi mengi, lakini benchi la mbele ya atelier ya Papa Liévin ni bunge kamili. Hapo makocha wamefukuzwa, mawaziri wamepangwa na kupanguliwa, na juzi ilipitishwa kwa sauti moja kwamba mvua ya mwaka huu haina adabu. Papa Liévin mwenyewe ni fundi wa nguo. Wanamwita Ciseau, maana mkasi wake unakata kitambaa cha bazin vizuri, na ulimi wake unakata maneno ya wenzake vizuri zaidi. Kando yake anakaa Fils, jina lake la kijiweni Communiqué, mtu ambaye hawezi kunywa kahawa kabla ya kusikiliza matangazo ya vifo kwenye radio, hata kama hana mgonjwa hata mmoja. Wa tatu ni Djo Sans Frein, yaani Bila Breki, aliyeendesha taxi miaka kumi mpaka taxi yenyewe ikamkimbia. Kahawa ni ya Maman Angélique, inatoka kwenye thermos mbili nyekundu, pamoja na vitumbula vya moto. Asiyeshika kikombe hana haki ya kusema.

Siku ya tano hiyo, Ijumaa, saa nne asubuhi, Gaëlle alikuja na mfuko wa ordinateur, kompyuta yake, kifuani, akashika kikombe, akakaa. Binti huyo alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo.

— Eh mama, namna gani? akauliza Ciseau. Sura yako leo iko kama shati yenye haikupigwa pasi.

— Ni mwenye sale ya Karavia, papa. Anasema nikate filme.

Msomaji asiyejua na ajue: miaka minne Gaëlle alibeba kamera yake lupango kwa lupango, ua kwa ua, akiwafuata vijana wanaoimba hip-hop kwa Kiswahili cha hapa, wale ambao radio hazipigi nyimbo zao na wakubwa wanawaita wahuni bila kuwasikiliza hata mstari mmoja. Hakuna mfadhili aliyempa hata waya. Filamu ikaisha. Kesho, siku ya posho, yaani Jumamosi, ilipaswa kuonyeshwa kwa mara ya kwanza kule hoteli ya Karavia, kwenye sale, ukumbi wenye viti laini na baridi ya mashine. Na jana tu ndipo mwenye sale alipokumbuka kuitazama, akampigia simu.

— Anataka nitoe dakika kumi na mbili, akasema Gaëlle. Kapya yote. Saa sita atanipigia simu. Nikikubali, kesho tunaonyesha. Nikikataa, hakuna sale.

— Kapya mutoto ya Kalaba? Ule fundi anasoudé milango ya chuma? akauliza Djo.

— Yeye mwenyewe.

Huyo Kapya alirap siku ya mvua, chini ya bati la lupango lao, bila kusimama, kuhusu baba yake: miaka thelathini kwenye mgodi, siku moja karatasi ya kufukuzwa mkononi, rudi nyumbani, na kifua kilichojaa vumbi. Gaëlle alishika kamera mwanzo mpaka mwisho, machozi yanamtoka. Mwenye sale alisema wageni wake wanakula pesa ya mgodi, hawataki kusikia mtu anakohoa.

— Mi niko fundi, akasema Ciseau. Kitambaa ikizidi, unakata, nguo inabaki nguo. Bahenga balisema, pole pole njo mwendo.

— Pole pole inaingia wapi hapa? akauliza Maman Angélique.

— Inaingia tu.

— Papa Liévin, Kapya si pindo, akasema Gaëlle. Kapya njo mugongo ya ile nguo. Sitakata. Hata dakika moja, hata pumzi moja! Nitaonyesha hapa hapa Kamalondo, ku lupango ya mama yangu.

— Bravo! akasema Djo. Na nani atakuja?

Swali hilo lilimchoma, maana ndilo lililomnyima usingizi. Hana afishi za kubandika ukutani, hana radio, hana jina. Kesho akipanga viti na vikabaki vitupu, mwenye sale atacheka, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Kapya na wenzake watajua kwamba hata watu wa kwao hawawataki. Hapo kukataa kwake kutakuwa kumewaumiza zaidi kuliko mkasi wa Karavia.

— Sikia dawa, akasema Djo. Unasema filme banaikataza. Serikali, polisi, askofu, bote banakataza. Kintu ya kukatazwa, hata kipofu anakuja kuangalia.

— Askofu alikukosea nini? Maman Angélique akaruka. Usimuingize Monseigneur mu mambo yako!

— Iyo ni ndogo, akasema Ciseau. Useme ba-rappeur babili batapigana mbele ya bantu. Moja wa Kamalondo, moja wa Katuba. Kidole moja haiue chawa.

— Na mushindi anapewa mbuzi, akaongeza Djo.

— Mbuzi inatoka wapi? akauliza Maman Angélique.

— Siku yenyewe tunasema ilikimbia.

— Ah non, mukubwa! Gaëlle akasema. Mimi sitaki kudanganya bantu. Nataka bakuje.

— Mutoto, hayo mambo mbili, weye uliona wapi inatembea pamoja? akasema Ciseau.

Communiqué alikuwa anamung'unya kitumbula chake cha pili. Akajipangusa mafuta, akakohoa kama msemaji wa ukoo.

— Munapoteza kahawa, akasema. Mu hii muji, kintu moja tu inakusanya bantu bila karatasi, bila radio, bila mualiko. Kilio ya mufu. Weka matawi ya ngazi, ya muchikichi, ku njia, alama ya mufu, uone. Saa moja haiishe, viti vyote vinajaa. Hata mwenye mulikosana naye anakuja.

— Kwa hiyo nimuue Kapya? akauliza Gaëlle.

— Hapana kumuua. Kumutangaza tu.

— Ptuu! Maman Angélique akatema mate pembeni. Kifo haichezewake!

— Mugeni akuje, mwenyeji apone, akajibu Communiqué, na methali hiyo siku hiyo haikuwa na kazi yoyote, ilipita tu.

Wakacheka. Gaëlle naye akacheka bila kutaka. Ubishi ukaendelea, Ciseau anasema wachezaji wa mpira waitwe, Communiqué anasema bila mufu hata mchezaji hatakuja, na hakuna aliyeona kwamba pahali pa Djo palikuwa patupu. Djo hakupewa jina la Sans Frein bure. Neno likiingia masikioni mwake, linatokea mikononi.

Haikupita nusu saa. Kwanza alikuja mama mmoja, kitambaa kimefungwa kichwani, akasalimia kwa sauti ya chini, akakaa chini kwenye mkeka wa Maman Angélique. Wakafuata wanaume wawili wenye viti vya plastiki kichwani. Kisha mama mnene na gunia la makala, mkaa wa kupikia, akaliweka ukutani kwa heshima. Gaëlle alifikiri ni wateja wa Ciseau. Mteja gani lakini anakuja kushona na makala? Akageuka kuangalia kwenye kona. Matawi mawili ya ngazi, mabichi kabisa, yalikuwa yamesimikwa pande mbili za njia, na Djo alikuwa anafagia katikati.

— Djo! Unafanya nini?

— Filme sasa iko na bantu! akajibu Djo, jasho linamtiririka, furaha tele.

Gaëlle alitamani kuzama kahawani. Walikuwa wamefika arobaini, na wengine walikuwa bado wanakuja. Na kwao, aliyekaa kwenye kilio hainuki kabla mtu wa familia hajasimama kueleza: ugonjwa ulianza lini, dawa gani ilitafutwa, pumzi ilikatika saa ngapi. Walikuwa wanangoja maelezo. Wawili watatu walikwisha kuanza kulia, maana katika Kamalondo mtu hakosi wa kumlilia.

Ndipo akafika mama mzee ambaye hakuna aliyemjua. Jina lake Mwelwa. Alikuwa ametoka kijijini Lukafu alfajiri hiyo na beseni la viazi vitamu vya kuuza sokoni, akaona matawi, na mgeni mwenye malezi hapiti kilio kama anapita duka. Akatua beseni, akakaa, akafunga kitenge vizuri.

— Poleni, batoto, akasema. Nani alikufa?

Ciseau akamtazama Communiqué, Communiqué akamtazama Djo, Djo akatazama ndani ya kikombe. Gaëlle akaona hakuna wa kumsaidia. Akasimama mwenyewe, pale anaposimama mtu wa familia.

— Hakuna mufu, mama.

— Munatuchezea? Mama wa makala akainuka, mikono kiunoni. Niliacha nyungu yangu ku moto!

— Munisamehe, bamama. Kosa ni ya benchi yetu, na miye niko ndani. Mufu hakuna. Lakini iko muntu ku Karavia, saa sita anataka nimunyamazishe Kapya mutoto ya Kalaba, juu ya kusema kweli ya babaake. Na Kalaba iko muzima, iko anakohoa kule nyuma ya hii ukuta, munamusikiaka kila asubuhi!

Akaeleza yote, kuanzia kamera ya kwanza mpaka simu ya jana. Mama wa makala hakukaa, lakini pia hakuondoka.

— Na ile filme iko muzuri? akauliza Mwelwa.

Bunge likarukia jibu mara moja.

— Muzuri? Kabisa, mama! akasema Ciseau.

— Formidable! akasema Djo.

— Mu Katanga muzima hakuna kama ile, akasema Communiqué, mkono juu, kama anaapa.

— Nani kati yenu aliiona? akauliza Mwelwa.

Lo! Asubuhi nzima wamebishania filamu, wameipigania, wameitafutia mbuzi na mufu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, mutoto, hebu tuonyeshe. Ila aibu kubwa haikuwa yao. Ilikuwa ya Gaëlle, na aliisikia inampanda mpaka masikioni. Miaka minne alipiga picha malupango yao, milango yao, watoto wao, halafu macho ya kwanza akawawekea watu wa baridi ya mashine. Ordinateur ilikuwa naye tangu saa nne, na hakuwaza kuifungua.

— Hakuna, mama, akasema. Hata moja. Siyakuwaonyesha.

— Basi fungula. Miye nilisha kukaa, akasema Mwelwa.

Hakuna aliyepiga kura. Ciseau aliingia atelier akatoka na televizio yake ya kuangalia mpira, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akaizungushia kitambaa cheusi ili jua lisiimeze picha. Djo akaleta bafle, spika kubwa ya jirani, na safari hii aliiomba kwanza. Gaëlle alichomeka waya.

Filamu ikaanza, na Kamalondo ikajiona. Watu wakapiga kelele, huyu anatambua mlango wa shangazi yake, yule anatambua ukuta aliokuwa anaukojolea utotoni na anautaja bila haya. Kijana mmoja alirap kuhusu mapenzi, wamama wakamcheka mpaka wakashikana mabega. Mwingine alirap kuhusu polisi wa barabarani, Djo akasimama akapiga makofi peke yake. Thermos zote mbili zikaisha, na hakuna aliyeuliza kahawa.

Kisha mvua ikapiga bati, na Kapya akafungua kinywa. Mama wa makala alikaa juu ya gunia lake mwenyewe. Nyuma ya ukuta Kalaba alikohoa, na ndani ya televizio mtoto wake alikuwa anahesabu kikohozi hichohicho, mwaka kwa mwaka, na watu wakageuza vichwa kuelekea ukutani, kisha wakarudi polepole kwenye picha.

— Bwana yangu alikohoa vile vile, akasema Mwelwa. Mupaka akaisha.

Simu ya Gaëlle ikalia. Saa sita kamili. Hakwenda pembeni.

— Alors, Mademoiselle? Tunakata?

— Hatukate. Filme iko inapita sasa, hapa Kamalondo.

— Nani aliwapa ruhusa?

Ruhusa ya karatasi Gaëlle hakuwa nayo, wala hakujua inaombwa dirisha gani. Mwelwa, bila kutoa macho kwenye picha, akauliza ni nani anayepiga makelele kwenye simu.

— Ni mwenye sale, mama. Anauliza nani alitupa ruhusa.

— Mwambie kama anataka kuona, akuje na kiti yake. Hapa vilisha kujaa.

Gaëlle alimwambia hivyo hivyo, neno kwa neno, kwa Kiswahili cha Kamalondo, bila kuongeza hata Monsieur. Mtu wa Karavia alikuwa bado anapumua sikioni mwake alipofunga simu na kukaa chini, kwenye mkeka, kuangalia dakika tisa za Kapya zilizobaki.